Kitanzi cha Juu, Kitanzi cha Chini

Bendi ya dansi ikishapiga wimbo wa mwisho, saa nane au saa tisa za usiku, ukumbi hugeuka stendi. Huyu anatafuta pochi, yule anaita bodaboda, waimbaji wanafuta jasho na mpiga solo analaza gitaa lake kwenye kasha. Mimi hubaki kwenye kiti changu nikimtazama mtu mmoja ambaye kazi yake ndiyo kwanza inaanza. Fundi mitambo ameinama katikati ya jukwaa tupu. Ameshika ncha ya waya kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, bila haraka. Ungedhani yuko baharini anavuta mshipi.

Waya wa gitaa usiojitatanisha wakati wa onyesho hupatikana saa hiyo, mikono ikiwa imechoka na hakuna anayepiga makofi.

Fikiria kwanza wingi wa nyaya zenyewe. Muziki wetu wa dansi umejengwa juu ya magitaa yanayosemezana. Msondo Ngoma, bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, na Mlimani Park iliyozaliwa mwaka 1978, ni mifano ambayo kila mpenzi wa dansi anaijua: solo, solo la pili, rhythm, besi. Hapo pana nyaya nne, na mpiga solo akiwa na pedali zinakuwa tano. Weka kinanda. Weka maiki za waimbaji watano au sita waliojipanga mbele, maiki za tarumbeta na saksafoni, maiki za ngoma. Bado hujagusa nyaya za umeme. Zote hizo zinalala sakafuni, na juu yake watu wanacheza.

Sasa mtazame anavyokunja. Wengi wetu tukipewa waya tunauzungusha kati ya kiganja na kiwiko, kama kamba ya kuanikia nguo. Unaonekana umekaa vizuri, lakini kila mzunguko umeutia msokoto mmoja, na misokoto yote imeelekea upande mmoja. Waya wa mita 6 ukikunjwa kwa vitanzi vyenye upana wa sentimita 30 hivi unatoa vitanzi sita, kwa hiyo misokoto sita imefichwa mle ndani. Kesho ukiuvuta, misokoto hiyo itatafuta pa kutokea. Inatokea sakafuni, kwa umbo la vijipete vilivyosimama, ambavyo vikivutwa vinakaza na vikiachwa vinasubiri kisigino cha mtu.

Fundi wangu anafanya tofauti. Kitanzi cha kwanza anakileta kama kawaida, huku kidole gumba na cha shahada vikiusokota waya kidogo ili ulale bila kubishana. Kwa kitanzi cha pili anageuza mkono wa kulia kabla ya kuushika waya, gumba likitazama chini. Mkono ukirudi mahali pake, waya unajipindua na kuingia kwa chini. Cha tatu juu, cha nne chini. Msokoto uliotiwa na kitanzi cha juu unafutwa na kitanzi cha chini, na mwisho wa hesabu waya hauna deni lolote ndani yake. Ukimtazama kwa mara ya kwanza hutaona tofauti kati ya kitanzi na kitanzi. Ukimtazama kwa miezi, unaanza kuiona ile nusu sekunde ambayo kifundo cha mkono kinageuka, na baada ya hapo huwezi kuacha kuiona.

Mabaharia wa majahazi wana elimu iliyo jamaa ya hii. Kamba ya nyuzi tatu ina upande ilikosokotewa, na baharia huikunja kwa kuufuata upande huo. Akienda kinyume inapinda na kukakamaa. Mvuvi naye huupanga mshipi ndani ya ngalawa pindi juu ya pindi, ili pindi la mwisho kuingia liwe la kwanza kutoka. Lakini kamba inauonyesha msokoto wake waziwazi, hata mtoto atauona. Waya unauficha. Katikati kuna shaba nyembamba inayobeba sauti, imevikwa mpira, juu ya mpira umesukwa wavu wa nyuzi nyembamba za shaba unaozuia mvumo wa umeme usiingie kwenye sauti, ndipo likaja ganda la nje. Macho hayana msaada hapo, ila vidole. Nimemwona akisimama ghafla katikati ya kukunja, akauachia waya uning'inie na kujizungusha wenyewe hewani mpaka ukatulia, kisha akaendelea. Waya ulikuwa umegoma, naye hakuulazimisha. Anayeulazimisha kila usiku huzikata nyuzi za ule wavu moja moja, hasa karibu na jeki, mpaka siku moja spika zinaanza kukwaruza na kila mtu anailaumu amplifaya.

Akimaliza vitanzi, anafunga. Ana vipande vya kamba za viatu, kila kimoja kimefungwa moja kwa moja kwenye waya wake, karibu na jeki. Hapo ndipo pana hatari ya mtindo huu mzuri, na ni haki kuitaja: ncha ya waya ikipenya katikati ya vitanzi vya juu na chini, basi ukiuvuta unapata mafundo yaliyopangana kama shanga. Kwa hiyo ncha zote mbili anazibana nje ya vitanzi, na hakuna kinachoingia kwenye sanduku kabla ya kufungwa.

Mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Dorian Raymer na Douglas Smith, walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila fundi mitambo angelielewa bila mkalimani. Walitia kamba kwenye kisanduku, wakakizungusha, wakafungua kutazama. Wakarudia mara 3,415. Kamba fupi kuliko sentimita 46 haikujifunga. Ndefu zaidi zilijifunga mafundo mara nyingi, tena ndani ya sekunde chache. Walivyoeleza, kamba ikikaa kwa mapindi ndani ya sanduku, ncha iliyo huru hupenyapenya juu na chini ya mapindi jirani, na hapo inajisuka yenyewe. Sanduku la nyaya nyuma ya lori, kwenye barabara ya kwenda kupiga mkoani, ni kisanduku hichohicho, ila linatikiswa kwa saa kadhaa. Kipande cha kamba ya kiatu kinainyima ncha uhuru wa kutembea.

Kuzilaza nyaya jukwaani nako kuna utaratibu, na ilinichukua muda kuugundua. Anaanza na asiyetembea. Nyaya za maiki za ngoma zinatangulia, kisha wa mpiga besi, ambaye husimama karibu na ngoma, kisha rhythm, kisha magitaa ya solo. Waimbaji wanakuja mwisho kabisa. Kwa hiyo waya unaohama daima uko juu ya waya uliotulia, na mwimbaji akivuta maiki yake hauinui wa mtu mwingine. Nyaya za umeme zinapita pembeni. Palipo lazima zikutane na za magitaa, anazikatisha kama njia panda, kwa sababu zikilala sambamba mvumo unahamia kwenye spika. Kinachobaki cha urefu wa waya anakiacha kwenye mguu wa amplifaya, mbali na miguu ya mpigaji. Wala hampi mtu waya mrefu kuliko anaouhitaji. Sauti inayotoka kwenye gitaa kabla ya kufika kwenye amplifaya ni dhaifu, na kila mita inaula kidogo ule mng'ao wa nyuzi nyembamba ambao ndio utamu wa solo.

Kwenye gitaa lenyewe, waya haugusi jeki kabla ya kupitishwa kwenye mkanda, kati ya mkanda na mwili wa gitaa. Mtu akiukanyaga, mkanda unapokea mvuto na jeki inabaki mahali pake.

Siku hizi vipo vifaa vya kupeleka sauti ya gitaa bila waya, na mpiga solo anayependa kushuka kwa watazamaji vinamfaa. Vinataka betri iliyojaa na masafa yasiyoingiliwa. Kwa anayepiga amesimama mahali pamoja usiku kucha, naona waya mzuri unamtosha.

Saa ya mtihani ni chemko. Maneno ya wimbo yameisha, magitaa yameshika kasi, waimbaji wanabadilishana nafasi kwa mitindo, na huyu akimzunguka yule kutoka kushoto nyaya mbili zinaanza kusukwa kama nywele. Watazamaji wanaangalia viuno. Fundi mitambo, nyuma ya mikisa yake, anaangalia miguu. Anahesabu: amemzunguka mara moja, mara mbili. Wimbo ukiisha na kiongozi akiwa anasalimia meza za mbele, fundi anapita kimya, anabadilisha maiki mbili kwenye stendi zake, anazungusha moja nyuma ya nyingine mara mbili kinyume, na msuko umefumuka. Katika miaka yote ya kumtazama, sijaona mwimbaji akigeuka kuona kilichofanyika.

Wiki moja niliwahi ukumbini, jua halijazama. Alifungua sanduku, akatoa waya wa solo, akafungua kamba ya kiatu. Alishika jeki moja, akaurusha mzigo wote kuelekea upande wa pili wa jukwaa. Ulifunguka hewani kitanzi baada ya kitanzi, ukaanguka, ukalala umenyooka hadi miguuni pa mpiga solo. Yule alikuwa akizungumza na mtu. Aliinama akiendelea na mazungumzo, akaokota jeki, akaipitisha kwenye mkanda.