Kiko na Tonto

Kuoanisha moshi na kinywaji, yaani kuchagua tumbaku na pombe zitakazopatana kinywani bila moja kuifunika nyingine, ni ustadi ambao mkazi wa Kampala wa leo huelekea kuudhani kuwa mali ya Ulaya, ulioletwa pamoja na sigara nene za Kuba na chupa za divai nyekundu zinazopangwa kwenye rafu za hoteli za vilima vya Kololo na Nakasero. Hata hivyo vilima hivyo viliufahamu ustadi huo kabla ya chupa ya kwanza kuwasili, ila vyombo vyake vilikuwa vingine: kiko cha udongo, ambacho Waganda hukiita emmindi, na tonto, pombe ya ndizi ambayo majirani zao Wahaya wa Kagera wanaijua kwa jina la rubisi.

Mwaka 1862, Mwingereza John Hanning Speke alipofika Buganda, Kabaka (mfalme) Mutesa I alikuwa na makao yake katika kilima cha Banda, ambacho sasa kimo ndani ya Kampala, na mama yake, Muganzirwazza, aliyekuwa na cheo cha Namasole, alikuwa na kasri lake mwenyewe mbali na la mwanawe. Katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata, Speke anasimulia jinsi Namasole alivyokunywa pombe, akavuta kiko chake na kumwamuru mgeni avute cha kwake, huku wapiga ala wakitumbuiza. Kisha likaletwa hori la mbao lililojazwa pombe, mama huyo akainama akanywa humo humo, na wakuu wake wakamfuata. Speke, ambaye hakuwa mtu wa kuficha dharau, alimlinganisha Namasole na nguruwe, na kwa maneno hayo alijiaibisha yeye kuliko alivyomwaibisha mwenyeji wake. Ushahidi alioutoa bila kukusudia ni wa thamani zaidi ya kejeli zake, kwa kuwa unaonyesha kwamba kiko na pombe vilikwenda pamoja mbele ya mwanamke mwenye daraja la juu kabisa katika ufalme, tena bila mtu yeyote barazani kuona ajabu.

Tonto yenyewe haikuwa kazi ya pupa. Ndizi zinazofaa ni zile za kundi la embidde, ambazo hazipikwi matoke kwa sababu nyama yake ina ukakasi, yaani ile hali ya kukausha ulimi inayotokana na tanini. Huivishwa kwa siku kadhaa ndani ya shimo lililotandikwa majani ya migomba, humenywa, kisha hutiwa katika hori lililochongwa kwa gogo mfano wa mtumbwi, ambamo mkanyagaji huzikanyaga kwa miguu iliyooshwa, pamoja na manyasi makavu yanayosaidia kutenga maji na makapi. Mkanyagaji hodari hutambua kwa nyayo ni wakati gani ndizi zimeachia maji yake yote, na ujuzi huo haujaandikiwa mwongozo popote. Maji hayo matamu, omubisi, huongezewa unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa kwa majani ya migomba, na baada ya siku moja hadi tatu huwa pombe, ambayo hunywewa katika kibuyu kwa mrija wa tete uitwao oluseke.

Hapo ndipo ulinganifu na divai unapopata maana, kwa sababu tanini iliyomo katika embidde ndiyo hiyo hiyo inayoipa divai nyekundu ukakasi wake. Wajuzi wengi wa sigara hulalamika kwamba divai nyekundu isiyo na sukari hugombana na moshi, kwa kuwa vyote viwili hukausha kinywa, na kwa hiyo huchagua divai tamu ya Ureno iitwayo porto. Tonto changa imeshinda mtihani huo bila kusaidiwa, kwani utamu wa ndizi uliobaki hulainisha moshi, ukakasi wake huusafisha ulimi, na mtama uliokaangwa huchangia harufu ya moto iliyo jamaa ya tumbaku. Ikikaa siku nyingi huchachuka, na hapo ni heri kiko kipumzike. Kiko chenyewe kilikuwa na mrija mrefu uliopoza moshi kabla haujafika mdomoni.

Yote hayo yanatoweka, na si kwa sababu moja. Mwaka 2001 mnyauko bakteria wa migomba uligunduliwa Mukono, ukaangamiza hasa kayinja, ndizi nyingine ya kutengenezea pombe. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 imekataza kuvuta ndani ya sehemu za umma na katika umbali wa mita 50 kutoka hapo; ni sheria ya haki, kwa kuwa tumbaku inaua, na hakuna sifa ya ustadi inayoweza kulifuta hilo. Lakini hakuna sheria iliyoamuru tonto iuzwe ikiwa imeongezwa maji na sukari ndani ya madumu ya plastiki, wala iliyowafundisha wanywaji kuipokea bila kuuliza ilikanyagwa lini na nani. Uzembe huo ni wa wenyeji wenyewe. Mtu yule yule anayesoma kwa makini mwaka wa zabibu kwenye lebo ya chupa iliyotoka Afrika Kusini hana habari kama embidde za tonto aliyokunywa msibani ziliiva shimoni au la.

Kiko kinaweza kuachwa kiende zake. Tonto haistahili kuachwa, na wenye hoteli za Kampala wanaoajiri wajuzi wa divai wangefanya vyema kumtafuta mkanyagaji mmoja mzee, wamlipe mshahara wa mjuzi, na waandike jina la tonto yake katika orodha ya vinywaji, juu ya divai.