Kisu Kimeishia Wapi?

Faili lilinifikia saa tisa kasoro alasiri, bado linanukia spiriti. Kijana kachomwa kisu shingoni usiku wa manane, kahudumiwa, yuko wodini. Mahali pa utambuzi wa ugonjwa daktari aliandika maneno manne: "Jeraha la shingo. Ameshonwa."

Kwa maneno hayo manne msimbo upo: S11.9, jeraha wazi la shingo, sehemu isiyotajwa. Ningeuandika, nikafunga kabati, nikawahi daladala. Lakini mama aliyenifundisha kazi ya kumbukumbu za afya asingekubali. Faili la namna hii hakulituma kwa mhudumu, alilibeba mwenyewe mpaka chumba cha zamu, akasimama mlangoni na miwani yake imening'inia kifuani, akauliza kwa upole: "Dokta, mwanangu, kisu kimeishia wapi?"

Kazi yetu nzima imo katika swali hilo. Shingo ni nyembamba, na kila kitu kinapita humo: hewa, chakula, sauti, damu iendayo kwenye ubongo, uti wa mgongo. Tundu la upana wa kidole linaweza kuwa kazi ya nyuzi tatu, na linaweza kuwa kifo, na kwa nje yote mawili yakafanana. Chini ya ngozi kuna msuli mpana unaoitwa platisma, mwembamba kama kitambaa. Jeraha ambalo halijauvuka huoshwa na kushonwa. Likishauvuka, daktari anaanza kuhesabu vilivyo nyuma yake. Mwaka 1969 madaktari wa upasuaji wa Chicago waliigawa shingo katika kanda tatu, kutoka kwenye mtulinga kwenda juu hadi chini ya fuvu, kwa sababu mahali kisu kilipoingilia ndipo panapoonyesha kinachoweza kuwa kimeguswa. Daktari anayeandika "shingo" tu amelifunika jeraha kabla sijaliona.

Kitabu cha misimbo kina adabu yake. Toleo la 10 la ICD, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lina juzuu tatu. Unaanza na juzuu ya tatu, faharasa, na humo hutafuti shingo. Unatafuta jeraha, kisha unashuka mpaka kwenye shingo. Mwanafunzi huhangaika na jambo hili wiki nzima, halafu siku moja linamkaa: kwanza kilichompata mtu, ndipo kiungo. Baada ya hapo sharti ufungue juzuu ya kwanza kuhakikisha. S11.0 ni jeraha lililofika kwenye zoloto au koo la hewa. S11.1 limegusa tezi ya thairoidi. S11.2 limefika koromeo au umio. Mshipa wa damu ukikatwa, S11 peke yake haitoshi: unaongeza S15, na hapo ateri ya karotidi ina namba yake na kila mshipa wa jagula una yake. Wamarekani, katika toleo lao walilolianza tarehe 1 Oktoba 2015, wamekwenda mbali zaidi. S11.011A ni zoloto iliyochanwa, hakuna kitu kilichobaki ndani, na mgonjwa bado yuko kwenye matibabu ya jeraha lenyewe. Wako wanaoona urefu huo ni usumbufu. Mimi naona heshima: kuna mtu alikaa akajiuliza kama kipande cha chuma kimebaki kooni mwa mwenzake, akakipa jambo hilo tarakimu yake.

Msimbo wa pili ndio unaoutetemesha mkono wangu. Jeraha likishapata namba, lazima sababu nayo ipate yake. Kisu kilekile, shingo ileile: ajali ni W26, kushambuliwa ni X99, kujidhuru ni X78. Na ipo Y28, ya pale ambapo nia haijajulikana. Wahenga wa kazi hii waliiacha nafasi hiyo makusudi ili tusikisie. Ndugu wanasema hivi, polisi wanasema vile, mgonjwa mwenyewe kanyamaza kwa sababu koo limefungwa bandeji. Haturuhusiwi kumhukumu mtu kwa kalamu. Kilichoandikwa na daktari ndicho tunachokiandika. Kisichoandikwa tunakwenda kukiuliza.

Siku ile nilipanda ngazi. Daktari alikuwa amekesha, macho mekundu, chai yake imepoa mezani. Nilimuuliza kama nilivyofundishwa. Hakukasirika. Alifumba macho kidogo kama mtu anayeirudia njia aliyopita gizani, kisha akaongeza kwa mwandiko wake: upande wa kushoto, sentimita nne, limevuka platisma, mshipa wa nje wa jagula umekatika na umefungwa, koo la hewa na umio vimekaguliwa, vizima. Akaweka saa, akatia sahihi. S15.2 ikaja, S11.8 ikafuata, na X99, kwa kuwa daktari aliandika kwamba kijana mwenyewe alisema amevamiwa. Maneno yale ndiyo yaliyoingia kwenye PF3, fomu ya polisi ambayo hakimu huisoma miezi mingi baadaye, kovu likiwa limeshafifia na daktari keshahamishiwa mkoa mwingine.

Basi, dokta wa zamu ya usiku, najua umechoka, na najua foleni iliyoko nje. Kabla hujalifunga faili tuandikie upande, urefu, kina, na kisu kimeishia wapi. Usipoandika, kesho utaniona mlangoni.