Nafsi ya Kwanza Isiyosema: Usomaji wa The Witness kwa Mwanga wa Ngano za Wahaya

The Witness, mchezo wa video uliobuniwa na Jonathan Blow na kutolewa na kampuni ya Thekla mwezi Januari 2016, huanzia gizani. Mchezaji hujikuta ndani ya ushoroba. Mwishoni pana mlango wenye paneli, na kwenye paneli mstari mmoja ulionyooka. Akiufuatisha kutoka kwenye duara hadi kwenye ncha, mlango hufunguka. Paneli inayofuata ina kona moja. Kisha hutoka nje, kwenye kisiwa chenye chemshabongo zaidi ya 500, karibu zote za kuchora mstari. Hakuna anayemweleza kanuni zake, hakuna muziki wa kumsindikiza, wala mtu wa kuzungumza naye. Mwili wake mwenyewe hauoni. Huona kivuli chake tu.

Mchezo wa aina hii huitwa wa nafsi ya kwanza, na jina lake maana yake ni shahidi. Istilahi zote mbili zinastahili kupimwa, na kipimo kilicho karibu kinapatikana katika ngano za Wahaya, zinazotambwa kuanzia Kyamtwara, upande wa Bukoba, hadi Ihangiro, ambayo leo ni Muleba. Mtambaji wa Kihaya hufungua ngano kwa kutoa ushahidi: hutamka kwamba alikuja na akaona. Hadhira humjibu kwa kumtaka aone ili nayo ipate kuona. Peter Seitel aliyathamini majibizano hayo kiasi cha kuyafanya jina la kitabu chake cha mwaka 1980, See So That We May See. Hapo nafsi ya kwanza umoja haikai peke yake hata kwa pumzi moja. Inapotajwa tu, nafsi ya kwanza wingi huidai sehemu yake.

Kisarufi, tofauti iliyopo baina ya mtambaji huyo na mchezaji wa The Witness si ndogo. Ushahidi huhitaji wakati uliopita: shahidi ni yule aliyekwenda, akaona, akarudi. Mchezaji huona sasa hivi, wala harudi kwa mtu yeyote. Tena, katika Kiswahili kama katika Kihaya, nafsi hudhihirika katika kitenzi kwa kiambishi. Katika mchezo huu hakuna kitenzi kinachotamkwa, hivyo hakuna ni- ya kubeba nafsi hiyo. Kinachoitwa nafsi ya kwanza ni mahali pa jicho, si mtu anayesema. Istilahi ya “mtazamo wa ndani” ingekuwa ya kweli zaidi, na ingemwepusha mhakiki na kosa la kumtafuta msimulizi pasipo na msimulizi.

Kwa kuwa suala ni la mahali, ngeli za mahali zinatoa zana nzuri kuliko nadharia ya usimulizi. Ushorobani mchezaji yumo: humu mna giza. Kisiwani yuko: huku kuna jangwa, msitu, magofu. Lakini fumbo kubwa la mchezo liko kwenye pa-. Nje ya paneli, mandhari yenyewe yameficha mistari: njia, ukingo wa ukuta na mwanga juu ya maji huungana kuwa duara lenye mkia, ila tu kwa mtu aliyesimama hapa. Akisogea hatua mbili, mstari hukatika na kubaki mawe na maji. Ni nadra kupata kazi ya sanaa iliyotegemea kwa uzito huo tofauti ya hapa na huku, tofauti ambayo Kihaya nacho huijua kwa njia yake kwa kutanguliza omu na aha mbele ya nomino. Bustani ya matufaha nayo inavutia: tawi lenye tunda ndilo ramani ya mstari. Mkulima wa Kamachumu aliyezoea kusoma hali ya mgomba kwenye majani yake hana haja ya kufundishwa kwamba mti husomeka.

Kwa sifa hizo, The Witness ni mkufu wa vitendawili uliosukwa kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, kitendawili ni zaidi ya swali na jibu. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya “Tanzu za Fasihi Simulizi” (Mulika, 1989), anaifunga fasihi simulizi na mambo sita: fanani, hadhira, fani, tukio, mahali na wakati. Mchezo huu umejaa fani na mahali. Hadhira haimo. Upungufu huo huonekana waziwazi mchezaji anaposhindwa. Katika utegaji wa vitendawili, aliyeshindwa hudaiwa mji. Akitoa Bukoba au Muleba, mtegaji huupokea, hujisifu alivyostareheshwa huko, kisha hutoa jibu. Kushindwa kuna njia ya heshima. Blow hapokei mji. Aliyekwama hubaki amesimama mbele ya paneli, na kisiwa kinamnyamazia.

Kosa kubwa zaidi la kisanaa, lakini, si kimya hicho bali mahali kinapovunjwa. Kisiwani kumetawanywa vinasa sauti vinavyosoma maneno ya wanasayansi na wanafalsafa, Albert Einstein akiwa mmoja wao, kwa Kiingereza. Mchezaji asiyejua Kiingereza hapotezi fumbo hata moja kwa kutoyaelewa, na hilo linatosha kuonyesha kwamba sauti hizo ni pambo. Antichamber ya Alexander Bruce (2013), ambayo hubandika misemo ya Kiingereza ukutani, angalau huisogeza misemo hiyo karibu na mafumbo yenyewe. Ushahidi wa The Witness umeazimwa kutoka vitabuni, ilhali sanamu za watu kisiwani, zilizoganda kama mawe, hazina la kusema. Visiwa vya Muleba, Bumbire kwa mfano, vina wavuvi na masoko. Kisiwa hiki kina mafumbo tu.

Na bado, mchezo huuchezwa vizuri zaidi pale watu watatu au wanne wanapozunguka skrini moja. Mmoja hushika vidhibiti. Wengine humwambia arudi nyuma, asogee kushoto, ainue macho. Mstari unapoungana, si yeye peke yake anayepiga kelele. Hadhira ambayo mbunifu hakuiandalia nafasi imejiingiza yenyewe, ikimtaka aone ili nayo ione.