Kufuli Lisilofunga: Uhakiki wa Neno Moja katika Elimu ya Barua Pepe

Kila fani mpya iingiapo katika Kiswahili huja na mzigo wa maneno, na si kila neno lipokewalo hufaa kwa kazi lipewayo. Neno kufuli, litumiwapo kwa ulinzi wa folda za barua pepe, ni miongoni mwa yale yasiyofaa. Ndilo neno ambalo mfasiri hulifikia kwanza, kwa sababu ndiyo maana ya wazi ya neno la Kiingereza litumiwalo na wajenzi wa programu. Lakini kosa la jina hapa si kosa la pambo. Mtunza mitambo aliaminiye neno hilo kwa maana yake ya kila siku aweza kupoteza barua za watu bila ya kujua.

Ili hukumu iwe ya haki, yafaa kitu chenyewe kielezwe kwanza. Katika mitambo ya jamii ya Unix, folda ya barua ya mtindo wa kale, iitwayo mbox, si sanduku lenye vyumba. Ni faili moja refu ambamo barua hufuatana kama beti za utenzi, na kila barua hutanguliwa na mstari uanzao kwa neno From na nafasi baada yake. Programu iletayo barua huongeza barua mpya mwishoni. Programu ya msomaji, itakapo kuondoa barua ya katikati, hulazimika kuliandika faili upya.

Chukua mfano wa msomaji mwenye barua 40, ambaye amefuta 3. Programu yake imekwisha kuzisoma zote 40, nayo imeanza kuandika zile 37 zilizosalia. Wakati huohuo barua ya 41 yafika na kuongezwa mwishoni mwa faili. Programu ya msomaji hairudi kutazama. Humaliza kuandika 37 zake na kulikata faili hapo. Barua ya 41 imetoweka. Mtambo ulioileta umekwisha kujibiwa kwamba imepokewa, aliyepelekewa hana habari kwamba ilikuwako, wala hapana kosa lililoandikwa popote.

Dawa ni kuzuia wawili wasiishike folda kwa wakati mmoja, na dawa hiyo ndiyo iitwayo kufuli. Njia zake mashuhuri ni tatu. Ya kwanza ni faili la alama: programu itakayo kuandika huunda faili dogo lenye jina la folda na mwisho wa .lock, na ikimaliza hulifuta. Nyingine ikilikuta hungoja. Ya pili ni wito wa flock, uliotoka katika Unix ya Berkeley. Ya tatu ni wito wa fcntl, uliomo katika kanuni za POSIX. Katika njia hizi mbili za mwisho alama haiwekwi ndani ya saraka, bali hutunzwa na kiini cha mfumo.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba, kwa desturi ya Unix, katika njia zote tatu hamna hata moja iwekayo kizuizi. Programu isiyouliza kama kuna alama hupita na kuandika itakavyo. Zaidi ya hayo, katika Linux alama ya flock na alama ya fcntl juu ya faili lililomo katika diski ya mtambo wenyewe hazionani. Programu mbili, kila moja imeshika njia yake, zaweza kuingia pamoja huku kila moja ikiamini kwamba iko peke yake. Ufungaji wa nguvu ulipata kuwako katika Linux, lakini haukuwa wa kutegemewa, na mwaka 2021 uliondolewa kabisa. Kilichosalia ni mapatano.

Sasa neno na lipimwe kwa kitu hicho. Kufuli, lenye asili ya Kiarabu, ni chombo cha chuma chenye ufunguo. Hutiwa na mtu aondokaye, ili yeyote asiye na ufunguo asiingie mpaka yeye arudi. Alama ya folda hutiwa na aingiaye, haina ufunguo, wala haimzuii asiyetaka kuzuiwa. Neno komeo lingekaribia zaidi, kwa kuwa komeo hutiwa na aliye ndani. Walakini komeo nalo hushinda kwa nguvu ya mti au chuma, na nguvu hiyo ndiyo isiyokuwapo hapa. Mfano ulio karibu zaidi si mlango wa duka, bali bafu la uani. Aogaye hutupia kanga yake juu ya ua wa makuti, na ajaye akiiona hungoja. Kanga haiwezi kumzuia mtu. Nguvu yake imo katika adabu ya wakaao nyumba ile, na mgeni asiyejua maana yake ataingia tu.

Kitenzi kufunga kina hatari kubwa kuliko jina. Katika lugha ya kompyuta, kufunga faili kumekwisha kuwa na maana ya kumaliza kulitumia na kuliacha. Kanuni ya POSIX yasema kwamba programu iliachapo faili kwa namna hiyo, alama zake zote za fcntl juu ya faili hilo huondoka, hata ikiwa ilikuwa imelifungua mara mbili na kuacha mara moja tu. Mwalimu atumiaye kitenzi kimoja kwa mambo yote mawili atajikuta akiwaambia wanafunzi kwamba faili likifungwa, hufunguka. Maneno hayo ni kweli, lakini hapana mwanafunzi atakayeyaelewa.

Neno salama nalo lataka kupimwa. Usalama wa faili la alama hutegemea kwamba kuuliza na kuunda viwe tendo moja lisilogawanyika; programu ikiuliza kwanza na kuunda baadaye, nyingine yaweza kupita katikati. Katika diski ya mtambo mmoja jambo hili ni jepesi. Katika diski za mtandao zilizotumia toleo la pili la NFS, tendo hilo moja halikuwezekana, na toleo la tatu, lililotangazwa mwaka 1995, ndilo lililoleta namna ya kuliomba. Kwa hiyo wajenzi waangalifu walishika hila nyingine: kuunda faili lenye jina la pekee, kisha kuliunganisha na jina la alama, na kuhesabu viungo vyake. Vikiwa viwili, zamu imepatikana.

Hatari ya pili ni alama iliyosahauliwa. Programu ikifa kabla ya kufuta alama yake, wengine watangoja milele, kama watu wangojao nje ya bafu ambalo mwenye kanga amekwisha kwenda zake. Programu ya procmail, iliyotungwa na Stephen R. van den Berg na kutolewa mwaka 1990, hulala sekunde 8 kila ikutapo alama, kisha hujaribu tena. Na alama iliyopita umri wa sekunde 1024, yaani dakika 17 na sekunde 4, huihesabu kuwa imesahauliwa na kuiondoa. Hesabu hizo hutumika ikiwa mwenyewe hakuamuru nyingine. Ubashiri huo ni wa busara, lakini ni ubashiri. Mwenye kazi ndefu kuliko muda huo, asiyeifanya upya alama yake, ataondolewa alama akiwa bado ndani. Tena katika kanuni za procmail alama ya folda huombwa kwa nukta mbili moja iongezwayo mwishoni mwa mstari wa kwanza. Aisahauye hapati onyo lolote. Kufuli la kweli lililosahauliwa huonekana kwa macho, hili halionekani.

Hatari ya tatu ni ile ya programu mbili, kila moja ikishika alama ambayo nyenzake aitaka. Kiswahili kina neno lake tayari katika mnyambuliko: kungojana. Mwongozo wa Debian waamuru njia mbili zitumike pamoja, fcntl na faili la alama. Na ili watu wasingojane, waagiza fcntl itangulie, au njia zote mbili zitumiwe bila ya kungoja. Agizo hilo lathibitisha kwamba usalama haumo katika alama yoyote, bali katika kukubaliana juu ya utaratibu.

Kwa hiyo jina lifaalo ni zamu. Alama ya zamu, kushika zamu, kuachia zamu, zamu iliyosahauliwa: maneno haya hueleza tendo lenyewe, wala hayamwahidi mtu ukuta usiokuwapo. Kufuli libaki mahali penye ufunguo, yaani katika elimu ya usimbaji, ambako lina haki yake.

Kuna hoja mbili zisizofaa kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba wanafunzi watakutana na kufuli katika vitabu vya kigeni, hivyo yafaa walizoee. Hoja hii ni dhaifu, maana kazi ya istilahi ni kufahamisha kitu. Kufuata umbo la neno la wengine ni jambo la pili. Ya pili ina uzito zaidi. Zamu huleta wazo la foleni, na alama hizi, hasa faili la alama, hazina foleni: programu iliyolala sekunde zake 8 yaweza kuamka na kukuta aliyekuja nyuma yake amekwisha kutangulia. Kasoro hiyo ni ya kweli na haifai kufichwa. Lakini adanganywaye na neno zamu atashangaa kwa nini amecheleweshwa, na adanganywaye na neno kufuli atapoteza barua. Makosa hayo mawili hayana uzito mmoja.

Ushahidi wa mwisho watoka kwa aliyekataa alama zote. Mwaka 1995 D. J. Bernstein alibuni mtindo wa Maildir, ambao kila barua ni faili lake mwenyewe. Barua huandikwa katika saraka ya tmp kwa jina la pekee, na ikikamilika huhamishiwa new. Ikisomwa huenda cur. Waletao hawagusani, kwa hiyo hawahitaji kungoja. Hata hivyo programu ya Dovecot, itumiapo Maildir, huweka alama juu ya orodha yake ya nambari za barua, kwa sababu asomaye saraka wakati majina yanabadilishwa aweza kukosa kuiona barua iliyopo. Penye mali ya shirika, hitaji la zamu hurudi. Bernstein hakutafuta kufuli lililo imara zaidi. Aliwapa watu mabafu mengi, na zamu ikabaki kwa kile kichache ambacho bado ni cha wote.