Mchoro wa Mwenzi wa Chomboni

Katika picha maarufu ya Augustus Keppel, aliyoichora Joshua Reynolds mwaka 1752 na 1753, ofisa huyo kijana wa majini anapiga hatua ufukoni, mkono kaunyoosha, bahari imechafuka nyuma yake. Ni kazi ya fahari, nayo ilimjengea Reynolds jina. Hata hivyo mkao ule umefananishwa mara nyingi na wa sanamu ya kale ya Apollo. Kilicho cha Keppel hasa ni uso. Ustadi ninaousifu hapa hauna makuu. Ni wa Gabriel Bray, luteni wa manowari ya Kiingereza Pallas, aliyewachora kwa rangi za maji watu aliosafiri nao kwenda Afrika Magharibi. Katika mchoro mmoja wa Januari 1775, manowari ikiwa imetia nanga Senegal, askari na baharia wamekaa kwenye nanga nyingine, wanavua samaki. Hawajipambi kwa ajili ya mtu. Ofisa aliyewachora walimzoea, na mazoea hayo hayanunuliwi na mchoraji wa mjini kwa vikao kadhaa vya kulipiwa.

Atasema mtu: Reynolds naye alisafiri na Keppel, mwaka 1749, katika manowari Centurion. Kweli, lakini alipanda kama mgeni, na mgeni huonyeshwa sebule. Hakushika zamu wala hakupokea amri. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mkono wa Bray ni dhaifu ukilinganishwa na wa Reynolds, na hilo silibishi. Ila tukumbuke maofisa wa majini walifundishwa kuchora nini na kwa sababu gani: rasi, vilima na milango ya bandari, ili nahodha mwingine akifika aitambue pwani. Rasi iliyorembwa huzamisha chombo. Mkono uliozoea nidhamu hiyo hauna haraka ya kumpa mtu kifua asichokuwa nacho. Na upendeleo je, maana wenzi nao hufichiana aibu? Huenda, lakini chomboni kila sura inajulikana, na anayempamba mwenzake atachekwa kabla rangi haijakauka. Tena Bray hakujiweka kando ya macho yake mwenyewe. Miongoni mwa michoro yake, ambayo leo imo katika Makumbusho ya Taifa ya Bahari, Greenwich, umo unaomwonyesha luteni huyo akijichora.