Viini Vinane, Fremu Tisa

Kompyuta ilikosewa tangu dukani. Mlioitazama kwenye skrini ile ndege ya Caravan ya vijana wa Elerai ikija kutua uwanja wa Kisongo, Arusha, mliona wenyewe. Kuanzia upande wa Monduli mpaka maili nne za mwisho mambo yalikwenda vizuri, fremu kwa sekunde zikicheza kati ya 24 na 26. Rubani akageuza jicho kushoto kuutafuta Mlima Meru, mji ukaanza kujaa mbele yake, na ile namba nyekundu kwenye kona ya skrini ikaanza kuporomoka: 19, 14, 11, 9. Ikang'ang'ania kwenye 9 mpaka magurudumu yalipogusa lami.

Fremu tisa, jamani, kwa FSX, yaani Flight Simulator X ya Microsoft, mchezo wa kurusha ndege uliotoka Oktoba 2006, kwenye mashine yenye prosesa mbili, viini vinane na RAM ya gigabaiti 24.

Wengine wamesema kijana alitua vibaya. Hakutua vibaya. Kisongo iko futi 4,550 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Geji ikionyesha noti 80, ndege inakata hewa kwa kasi ya noti 87 hivi, yaani karibu mita 45 kwa sekunde. Gawanya kwa tisa: kila picha mpya inapomfikia rubani, ndege imeshasogea mita tano. Kwa fremu 30 ingekuwa mita moja na nusu. Anavuta usukani, haoni kitu. Anavuta tena, na picha inapokuja inaleta mivuto yote miwili kwa pamoja, pua imeshapanda kupita kiasi. Mimi namsifu kwa kuifikisha ndege kwenye njia ya kutua ya 09 ikiwa nzima.

Sasa nije kwenye kilichonikera, nacho hakikuwa kwenye kutua. Baada ya kutua walifungua Task Manager ili tuone mashine inavyofanya kazi. Namba ikasoma asilimia 9. Kijana aliyekaa kwenye kibodi akanigeukia akiwa na furaha ya kweli: "Mzee, unaona? Haijachoka hata kidogo." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nikamwomba aende kwenye ukurasa wenye vile vidirisha vidogo, kimoja kwa kila uzi wa prosesa. Vilikuwa kumi na sita, kwa sababu kila kiini cha prosesa zao, Xeon E5620, huonekana kwenye Windows kama viwili. Kimoja kilikuwa kimejaa hadi juu, mstari umelala kwenye dari. Viwili vitatu vilikuwa vinapandapanda kidogo. Vilivyobaki vilikuwa vitupu.

Gawanya asilimia 100 kwa 16: unapata sita na robo. Hiyo ndiyo sehemu ya mashine ambayo kazi kuu ya FSX inaweza kuifikia. Ikishaijaza hiyo, mchezo umefika ukingoni, hata kama Windows itaendelea kusoma kwamba asilimia 90 ya nguvu imelala. Namba waliyoishangilia kama dalili ya mashine kupumua ndiyo iliyokuwa ushahidi kwamba imekwama. Uzi mmoja umebeba karibu mzigo wote, kumi na tano karibu zimesimama pembeni, na ule mmoja unatembea kwa gigahezi 2.4, au 2.66 ukijikaza.

Na walikuwa na uchaguzi! Picha za mashine zote mbili zilinifikia baadaye. Kwenye meza ileile ya muuzaji wa kompyuta za mtumba, kwa bei ileile, kulikuwa na HP Z600 waliyoichukua na Dell OptiPlex 9020 yenye Core i5-4590. Viini vinne, gigahezi 3.3, na ikipandisha kasi inafika 3.7. Wakaiinua moja, wakainua nyingine. Z600 ilikuwa nzito. Wakahesabu viini, vinane dhidi ya vinne. Wakauliza RAM, 24 dhidi ya 8. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kasi ya kiini kimoja, na kwa FSX hilo ndilo swali la kwanza, la pili na la tatu.

Nimelalamika miaka mingi kuhusu jambo hili na nitaendelea. Huku kwetu kasha zima la kompyuta tunaliita CPU. Fundi anasema "lete CPU," mteja anabeba sanduku lote kwenye bodaboda. Neno la prosesa limehamia kwenye bati, basi tukienda kununua tunatazama bati: ukubwa wake, uzito wake, kibandiko kilichobandikwa mbele. Ndiyo maana mtu anauziwa laptopu yenye kibandiko cha i7, kumbe mwisho wa jina la prosesa kuna herufi U, chipu ya wati 15 iliyotengenezwa kutunza betri, halafu anashangaa ikizidiwa na kompyuta ya mezani yenye i3. Soma jina lote la prosesa mpaka herufi ya mwisho, kisha uliza gigahezi, kisha uliza ni ya kizazi gani. Gigahezi peke yake nayo haitoshi: Pentium 4 ilifika 3.8 mwaka 2004, na hakuna anayeitamani leo, maana kila mpigo wake ulifanya kazi kidogo.

Kwa nini FSX iko hivi? Kwa sababu ilibuniwa na watu walioamini gigahezi zitaendelea kupanda. Studio ya Aces pale Microsoft ilikuwa imezoea hivyo: unatoa toleo linaloitesa kompyuta ya leo, miaka miwili baadaye kompyuta mpya inalibeba bila jasho. Matoleo yaliyotangulia, FS2002 na FS2004, yalikwenda hivyo. Lakini Oktoba 2004 Intel iliachana na mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4, na Julai 2006 ikaleta Core 2 Duo: viini viwili, kasi ndogo zaidi. Miezi mitatu baadaye FSX ikatoka, ikisubiri prosesa ambayo isingekuja. Kiraka cha kwanza cha mwaka 2007 kiliwapa viini vingine vibarua, kama kupakia picha za ardhi na kuandaa miti na nyumba za otojeni, na hivyo vidirisha viwili vitatu mlivyoviona vikipandapanda ni vibarua hao. Injini ya kuendesha ndege, geji, ndege nyingine angani, magari barabarani, na kuiandalia kadi ya grafiki kazi ya kuchora, vyote vilibaki kwenye uzi mmoja. Januari 2009 Aces ikafungwa. Toleo la Steam la Desemba 2014 lilirekebisha mambo mengi madogo, likabaki biti 32, likabaki na uzi wake mmoja mkuu.

Biti 32 ndiyo inayonirudisha kwenye zile gigabaiti 24. FSX kwenye Windows ya biti 64 haiwezi kushika zaidi ya gigabaiti 4, hata ukiiwekea ghala. Gigabaiti nane kwa mashine nzima zinatosha FSX, Windows na kivinjari kilichosahauliwa wazi. Kumi na sita za juu zimekaa tu zinakula umeme. Na umeme tunaujua. Prosesa mbili za wati 80 kila moja, dhidi ya moja ya wati 84. UPS ndogo waliyonayo inaishia kulia milio michache na kuzima kabla hawajamaliza hata kuhifadhi safari.

Kadi ya grafiki waliyoongeza, GTX 1060, ni kadi nzuri ambayo haikuwa na cha kufanya. Inasubiri prosesa iipe kazi. Ukipanga mawingu mazito na kulainisha kingo kwa kiwango cha juu kabisa itatokwa jasho kidogo. Zaidi ya hapo GTX 750 Ti ya mwaka 2014, au 1050 Ti, ingemaliza kazi. Zote mbili zipo za aina inayochota umeme kwenye bodi yenyewe bila waya wa ziada, jambo la maana sana kwa OptiPlex, ambayo pawasaplai yake haina waya huo.

Yaliyobaki walifanya vizuri: Windows 7 ya biti 64, mstari wa HIGHMEMFIX kwenye faili la mipangilio, fsx.cfg, diski ya SSD, na usukani uliofungwa imara mezani.

Nawatetea pia kwa kuichagua FSX yenyewe. Kuna waliowacheka kwamba wanacheza mchezo wa zamani. Flight Simulator ile mpya ya 2020 inavuta ardhi kutoka intaneti ukiwa angani, na Microsoft wenyewe walitaja gigabaiti 150 za nafasi kwenye diski kama kiwango cha chini. Nani Elerai atanunua bando la namna hiyo? FSX iko kwenye DVD mbili, unaisimika bila mtandao, na Arusha na Kilimanjaro zimo tangu siku ya kwanza. Caravan imo pia, ndege ileile inayopita juu ya mabati yetu asubuhi ikielekea Seronera. Kijana anaisikia kwa masikio, anaingia ndani, anaikuta kwenye skrini. Kwa mtu anayeota kurusha ndege hiyo ni darasa, nami nalichukulia kama darasa. Ndiyo sababu fremu tisa zinaniuma. Zinamfundisha mkono kungoja picha iliyochelewa, na mazoea hayo yakishaingia mkononi ni vigumu kuyatoa.

Jibu walilonipa ni kwamba Z600 ni ya kesho, siku watakayohamia kwenye michezo mipya. Lakini kiwango cha chini kilichotajwa kwa ile ya 2020 upande wa Intel ni Core i5-4460, ndugu mdogo wa i5-4590 waliyoiacha mezani. Mashine waliyoikataa ndiyo iliyokuwa imefika mlangoni pa kesho. Waliyoichukua ina chipu za mwaka 2010. Ni mashine ya heshima. Mpe mtu anayetengeneza video za harusi au anayeendesha seva kadhaa ndani ya kasha moja, atakushukuru. Kwa kiini kimoja, i5-4590 inakaribia kuizidi mara mbili.

Na hapa lazima niitaje Core 2 Duo E8400, maana vijana wa leo hawaijui heshima yake. Januari 2008, viini viwili, gigahezi 3.0. Ilikuja kwetu kwa wingi ndani ya OptiPlex 780 zilizostaafu maofisini Ulaya. Niliwahi kuketi nyuma ya mzee mmoja wa Ngarenaro aliyekuwa nayo. Alifungia fremu 25, akaondoa magari yote barabarani, akapunguza otojeni ngazi mbili, maji akayaacha ya kawaida. Akazunguka Meru kutoka Kisongo, akapita upande wa mashariki pale kreta ilipopasuka, Momela chini yake, bila mkwaruzo. Alikuwa amenunua viini viwili vyenye kasi kwa sababu alikuwa amesoma mchezo unataka nini. Baadaye, mwaka 2011, ikaja i5-2500K, mafundi wakaipandisha hadi gigahezi 4.5 kwa feni ya kawaida tu, na hapo FSX ikapata kwa mara ya kwanza kitu kilichokaribia ile prosesa Aces waliyoiota. Tangu hapo kanuni haijabadilika: kasi ya kiini kimoja kwanza. Ndiyo maana nakasirika tunapoipuuza kwa sababu ya uzito wa kasha.

Kurudisha mashine haiwezekani, muuzaji hachukui. Basi iponyeni iliyopo. Toeni zile E5620 zote mbili. Wekeni Xeon X5675 moja, ambayo soketi yake ni ileile: gigahezi 3.06, ikijikaza 3.46. Soketi ya pili iacheni tupu. Joto litapungua na UPS itapumua. Magari barabarani yawe sifuri, maana hakuna kitu kinachokula FSX kama yale magari yasiyoonekana ukiwa futi elfu tatu juu. Otojeni iwe ya kawaida. Fungieni fremu kwenye 30. Sidhani mtaipata 30 juu ya mji, ila 18 au 20 mnaipata, na kwa 20 ndege hiyohiyo inasogea mita mbili na robo kwa kila picha badala ya tano.

Jumamosi nitakuja na OptiPlex yangu ya E8400, na dawa ya joto kwa ajili ya ile X5675. Kabla hamjafungua Z600, tuziweke mezani zote mbili kama zilivyo: Caravan ileile, saa nne asubuhi, anga safi, maili nne kutoka njia ya 09, otojeni na maji kwenye ngazi ileile. Kijana aliyerusha siku ile ndiye arushe tena, na ile namba nyekundu kwenye kona tuiache wazi kila mtu aisome.