Jina la Filamu Sokoni

Mtunzi wa filamu wa Malindi au Kilifi apelekapo kazi yake tamashani, au kwa wanunuzi wa mtandaoni, kinachotangulia kusomwa ni jina na muhtasari. Tuchukue mfano wa Vuta N'kuvute (2021), filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Huko Toronto ilionyeshwa kwa jina la Tug of War. Jina la Kiswahili lina nafsi mbili: wewe waambiwa uvute, nami nikuvute. La Kiingereza lataja mchezo tu, wanaovutana hawamo. Ikiwa Kiswahili, chenye wafasiri wengi, chapungukiwa hivi, Kigiriama kitasalimikaje? Tafsiri, basi, ni sehemu ya utunzi. Mtunzi asimwachie muuzaji.